Kamati ya Mtihani

Mtu akiamua kusomea mtihani mkubwa, anachopata mwanzo si maarifa, ni siri. Anaifungulia faili kwenye simu, anaipa jina la "Mipango," kisha anajiambia ataanza Jumatatu. Yangu niliitunza vizuri sana. Jumatatu zilikuja zikapita, nikazipokea na kuzisindikiza kwa heshima zote, na hapakuwa na mtu aliyejua kwamba kuna mtihani unaitwa GRE, wala kwamba kuna chuo kimoja Marekani kilichokuwa tayari kuyasoma maombi yangu ya shahada ya uzamili ya takwimu, alimradi niufanye kwanza. Siri ya aina hii ina raha yake. Hujafaulu, lakini pia hujafeli. Na ukiulizwa siku hizi unafanya nini, unajibu "napambana tu," kwa sauti ya mtu mwenye jambo.

Siri ilivujishwa na pasipoti. Jina unalojiandikishia GRE lazima lilingane na la kwenye kitambulisho utakachokwenda nacho, na kitambulisho changu cha kutegemewa ni pasipoti. Sasa, pasipoti yangu sikai nayo mimi. Nyumbani kwetu Magomeni nyaraka zote za ukoo ziko kwa mama mdogo, ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda chake: vyeti vya kuzaliwa, hati ya kiwanja cha Chanika, kadi za kliniki za watoto ambao sasa wana watoto wao, na doti za kanga ambazo hazijawahi kuona jua. Kumwomba pasipoti ni kutangaza safari.

"Unakwenda wapi?"

"Siendi popote, mama. Ni mtihani."

"Mtihani wa kwenda wapi?"

Sikuwa na jibu fupi. Ilipoadhiniwa Isha habari ilikuwa imeshafika uani. Asubuhi yake, barazani, nilikuwa tayari nimepata viza, na fundi cherehani wa chumba cha mbele alinisimamisha kuniambia kwamba simu anayoitaka ni nyeusi, asije akaletewa ya rangi ya dhahabu.

Nyumba yetu ni ile ya ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani bomba na jiko, mbele baraza. Sisi wa ukoo tuna vyumba vya nyuma. Mbele wamepanga fundi cherehani, kijana wa bajaji, na mama mmoja ambaye mtaa mzima unamwita Mama Vitumbua. Katika nyumba ya namna hii hakuna mgonjwa wa mtu mmoja, hakuna mgeni wa mtu mmoja, na sasa naweza kushuhudia kwamba hakuna mtihani wa mtu mmoja.

Kikao cha kwanza kiliitishwa na mjomba. Mjomba ni mstaafu wa bandari, na tangu astaafu hajapata kitu cha kusimamia. Alivuta kiti, akavaa miwani, akasema, "Haya mjomba, tueleze huo mtihani. Taratibu, na tangu mwanzo."

Nikaanza tangu mwanzo. Nikasema mtihani ulizaliwa 1936, wakati vyuo vikuu vya Harvard, Yale, Princeton na Columbia vilipotaka kipimo kimoja cha kuwapima wanaoomba masomo ya juu, na kwamba siku hizi unaendeshwa na taasisi ya ETS, iliyoko New Jersey.

"1936," alisema mjomba. "Basi ni mkubwa kwangu. Shikamoo yake. Endelea."

Nikasema ni wa saa moja na dakika 58.

"Asubuhi au usiku?" aliuliza mama mdogo kutoka jikoni.

Nikafafanua kwamba hiyo si saa ya kuanza, ni urefu wake. Zamani ulikuwa ukikaribia saa nne nzima. Kuanzia Septemba 2023 wakaukata nusu. Insha moja, dakika 30. Maswali 27 ya lugha, dakika 41. Maswali 27 ya hesabu, dakika 47. Mjomba akajumlisha kichwani, akapata 118, akaitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba hadi hapo Wamarekani hawajamdanganya.

"Saa mbili hazifiki?" mama mdogo alikuwa ameshatoka jikoni na mwiko mkononi. "Na ndiyo unajifungia chumbani? Saa mbili hata bibi harusi hajatoka saluni."

Kwenye hesabu mambo yaliharibika zaidi. Nilieleza kwamba ni hesabu za sekondari: uwiano, asilimia, wastani, pembetatu, namba tasa. Kikokotoo unapewa, kiko kwenye skrini.

"Wewe si una shahada ya takwimu?"

"Ninayo, mjomba."

"Na unaulizwa hesabu za kidato cha pili, na kikokotoo umepewa?"

"Ndiyo."

"Na unaogopa."

Alivyolisema halikuwa swali, kwa hiyo sikulijibu. Nikakimbilia kwenye alama. Lugha inahesabiwa peke yake na hesabu peke yake, kila moja kuanzia 130 hadi 170. Insha ina kipimo chake, sifuri hadi sita.

"Ngoja. Ukikosa hesabu zote unapata ngapi?"

"130."

"Ukipata zote?"

"170."

Mjomba alivua miwani. "Kwa hiyo mtihani wenyewe ni alama arobaini. Hizo 130 ni takrima."

Sikuwahi kusikia GRE ikielezwa vizuri kuliko hivyo, wala kwenye tovuti yao wenyewe.

Siku chache baadaye mjomba alirudi kutoka Posta na furushi la gazeti. Alikuwa amepita kwa wauza vitabu wa kando ya barabara, akapatana nao hadi wakachoka, akaninunulia kitabu cha kujiandalia GRE. Kilikuwa kinene kiasi cha kuzuia mlango. Alama za penseli za mwenyewe wa kwanza zilijaa sura ya kwanza, zikapungua sura ya pili, na kuanzia sura ya tatu kurasa zilikuwa nyeupe na safi mpaka mwisho wa kitabu. Nilimwelewa ndugu yule bila kumjua.

Tatizo halikuwa penseli. Tatizo ni kwamba alama mle ndani zilianzia 200 zikaishia 800, na sura nzima nzima zilikuwa za maneno ya kinyume na za jozi za maneno yanayohusiana. Maswali ya aina hiyo yalifutwa Agosti 2011, pamoja na hicho kipimo cha 800. Mtihani uliomo kwenye kitabu kile haupo tena duniani. Lakini mjomba alikuwa amepanda daladala nacho, amekipakata njia nzima, na fedha ni za pensheni. Nikasema, "Ahsante sana mjomba, hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta."

Matokeo yake nikawa na mitihani miwili. Baada ya Maghrib, mjomba ananisikiliza maneno ya kinyume, mkono mmoja umeshika kitabu, mwingine umeshika kikombe cha kahawa, na kila nikikosa anahema. Watu wazima wakilala, ndipo nafungua laptopu kutafuta mtihani ulio hai. Mpaka leo ule ninaoumudu barabara ni uliofutwa.

Mahali pa kusomea nalo likawa somo. Chumba changu kinapakana na cha fundi, na msimu ule alikuwa na sare za kitchen party ya watu wasiokubaliana vipimo, cherehani haikulala. Ukumbini kuna televisheni, na televisheni ina Simba na Yanga. Nilitengeneza kadi za msamiati, nikazipanga vizuri mezani. Watoto wakazichukua kuchezea karata, na nilipozidai nikaambiwa nisubiri mzunguko uishe. Nikapanda gari hadi Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohammed. Pale kimya kilikuwepo cha kutosha, nami nikalala usingizi mzito nikiwa nimekalia kiti. Masikio yaliyokulia Magomeni yakikosa kelele yanajua ni usiku.

Wakati uliobaki ulikuwa alfajiri. Kabla ya adhana ya kwanza nyumba yote imezimika isipokuwa uani, ambako Mama Vitumbua anakoroga unga wake uliolala na kuumuka, anapasha karai, anaanza kudondosha mafuta shimo baada ya shimo. Nikahamia huko na kigoda na daftari, chini ya taa yake. Hatukuongea sana. Yeye anageuza, mimi nafuta.

Asubuhi moja nilikwama kwenye swali la kulinganisha. GRE ina maswali ya aina hiyo kwa wingi: unapewa kitu upande wa A na kitu upande wa B, na majibu ni manne yaleyale siku zote. A ni kubwa, B ni kubwa, ni sawa, au, ndiyo herufi D, maelezo uliyopewa hayatoshi kuamua. Lile swali lilikuwa limevaa nguo nyingi, lakini ukilivua lilikuwa linauliza hivi: A ni x mara x, B ni x. Kipi kikubwa?

"Unanung'unika nini?" aliuliza Mama Vitumbua.

Nikamsomea. Nilitaka kumweleza kwamba namba ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe inakua, tatu inakuwa tisa, kumi inakuwa mia, kwa hiyo jibu ni A. Hakunipa nafasi.

"Inategemea. Hiyo x yako ni nzima au kipande?"

"Hawajasema."

"Basi huwezi kujua. Nusu ya nusu si robo? Na robo si ndogo kuliko nusu? Mimi nimeanza biashara hii kwa kununua mchele robo robo, usinifundishe robo." Akageuza vitumbua. "Na ikiwa moja?"

"Moja mara moja ni moja."

"Basi hapo ni sawa. Mara kubwa, mara ndogo, mara sawa. Swali gani hilo la kumwamsha mtu usiku?"

Jibu sahihi lilikuwa D. Alinipa kitumbua kimoja kilichoungua upande, nikaelewa kwamba ndiyo alama yangu.

Kulipokucha swali lilikuwa limeshafika barazani, kwa wanywa kahawa. Kijana wa bajaji alishikilia kwamba x mara x lazima iwe kubwa, kwa sababu "imezidishwa, braza, kuzidisha ni kuongeza." Fundi cherehani alitoa futi ya kupimia akamwonyesha nusu ya nusu mita. Mzee mmoja aliyekuwa anapita tu akasimama, akauliza kama x inaweza kuwa sifuri, na mambo yakaanza upya. Watu wanadhani hesabu hazina mvuto. Wazilete Magomeni saa moja asubuhi, kabla daladala hazijajaa.

Tangu siku hiyo D imekuwa lugha ya nyumba. Nani amekula nyama iliyobaki? D. Fundi, nguo yangu itakuwa tayari lini? D. Mama mdogo alipomuuliza mpwa wangu wa darasa la nne nani amevunja kikombe, mtoto alifikiri kidogo, akasema maelezo yaliyotolewa hayatoshi kuamua. Aliadhibiwa, lakini kwa heshima fulani.

Likaja suala la mahali pa kufanyia mtihani wenyewe. Tangu 2020, wakati wa korona, GRE inaweza kufanyiwa nyumbani. Mama mdogo alifurahi: nauli imeokolewa. Nikamsomea masharti. Uwe peke yako chumbani. Mlango ufungwe, asiingie mtu mpaka umalize. Msimamizi anakutazama kupitia kamera, na kabla ya kuanza unaizungusha kumwonyesha chumba kizima. Vya kuziba masikio haviruhusiwi. Karatasi za kawaida za kukokotolea haziruhusiwi. Unatumia ubao mdogo mweupe, au karatasi moja iliyo ndani ya plastiki angavu, unaandika na kufuta.

"Sasa hapo kigumu kipi?" alisema mama mdogo. "Nani atakuingilia? Tutakaa kimya wote."

Nyumba ikaapa. Tukapanga siku ya mazoezi, kwa moja ya majaribio ya bure ambayo ETS wameyaweka mtandaoni. Watoto walipelekwa kwa shangazi Kigogo. Televisheni ilizimwa. Fundi alifunika cherehani. Mjomba alikaa na saa yake ukumbini, akajitangaza msimamizi mkuu. Nikafunga mlango kwa komeo, nikaanza insha, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nikasikia jinsi friji letu linavyolia.

Nilivuka insha. Nilivuka lugha. Nilikuwa ndani ya hesabu, kwenye pembetatu, niliposikia hodi dirishani.

Alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, ametokea kwa uchochoro wa uani, amerudisha kinu. Hakuwa na habari ya kiapo. Nikanyamaza, kwa sababu masharti yanasema usiongee na mtu.

"Hodi jamani!"

Nikaendelea na pembetatu.

"Hodi! Si naona taa inawaka?"

Hapa pana jambo ambalo walioandika masharti hawakulipima. Kwetu hodi huitikii kwa sababu unataka. Unaitikia kwa sababu uko hai. Mtu ambaye yuko ndani, taa inawaka, komeo limefungwa, na hodi ya tatu haitikii, maana yake ni moja tu. Nilisikia kinu kikitua chini. Nilisikia, "Jamani, njooni, kijana kaanguka!" Kisha ukumbi mzima ulijaa miguu, na sauti ya kwanza mlangoni ilikuwa ya mama mdogo, mwanzilishi wa kiapo: "Mwanangu! Mwanangu, itika!"

Nikaitika, lakini kijana wa bajaji alikuwa ameshaanza safari na bega lake. Komeo lilitoka na kipande cha fremu. Wakanikuta nimekaa, kalamu ya ubao mkononi, dakika zikihesabika kwenye skrini. Mama mdogo alinipapasa paji la uso kuhakikisha. Jirani akaomba radhi, akauliza mchi auweke wapi. Mjomba aliingia wa mwisho, akaitazama saa, akautazama mlango, akatoa uamuzi kwamba mtihani umefutwa na kwamba wa kweli utafanyika kwenye kituo cha mjini, ambako hawafahamu kupiga hodi.

Mtihani wa kweli maana yake ada, na ada ni dola 220. Mjomba hahesabu kwa dola, anahesabu kwa mifuko ya saruji. Alipomaliza kubadilisha alikaa kimya kwa muda unaotosha kujenga ukuta. Akauliza kama ni kweli vyuo vingi Marekani siku hizi vimeacha kuudai mtihani huu. Nikasema ni kweli, vimeuacha tangu korona. Na changu? Changu hakijaacha. "Bila shaka," alisema. Ndipo ikaundwa kamati.

Ilikuwa kamati kamili, mfano wa kamati ya harusi. Mwenyekiti mjomba. Mweka hazina Mama Vitumbua, kwa kuwa ndiye pekee ambaye hesabu zake hazijawahi kupungua. Katibu fundi cherehani, mwenye daftari la vipimo. Muhtasari wa vikao uliandikwa nyuma ya kurasa za mabega na viuno. Kundi la WhatsApp lilifunguliwa, likapewa picha yangu ya mahafali, na michango ikaanza kuingia, huyu elfu tano, yule elfu kumi, binamu wa Tanga ahadi. Mimi mwenyewe niliwekwa kwenye kundi, ila si msimamizi wake.

Mweka hazina alipotangaza kwamba ada imetimia, mwenyekiti alinigeukia. "Tukuandikishie tarehe gani?"

Nikasema ningependa kwanza nijiandae. Nikiwa tayari nitasema.

"Tayari ni lini? Katibu aandike."

Katibu alishika kalamu, akasubiri. Nilitazama nyuso zilizonizunguka: wote wananitakia mema na wote wamechangia. Kwa muda mrefu nilikuwa na mtihani usio na tarehe, na mtihani usio na tarehe haumtishi mtu, unakaa naye tu miaka nenda rudi. Nikataja tarehe. Ikaandikwa chini ya kiuno cha mteja mmoja wa Mburahati, na bajaji ikatengwa kunipeleka siku hiyo.

Kuanzia hapo kila kikao kina ajenda ya kudumu inayoitwa "Taarifa ya Mtahiniwa." Nasimama, naeleza nimesoma nini. Siwezi kusema "napambana tu," kwa sababu katibu atauliza kupambana ni sura ya ngapi. Mama Vitumbua anataka kujua kama maswali ya robo nimeyamaliza. Kijana wa bajaji, ambaye bado hajakubali kushindwa, huniletea x zake mwenyewe alizotunga akiwa kwenye foleni. Nasoma alfajiri kwa sababu jioni nitaulizwa. Vitabu vya ushauri vinashauri mtahiniwa apate mahali patulivu, ratiba na nidhamu. Mimi nimepata mwenyekiti.

Katika kusomasoma nikagundua kwamba ETS wanaruhusu kuahirisha. Unalipa ada ya kuahirisha, unawaarifu si chini ya siku nne kabla ya mtihani, wanakupa tarehe nyingine bila maswali. Nikaona ni kipengele cha kiungwana. Nilikileta kikaoni chini ya "Mengineyo," nikakisoma kwa sauti ya kawaida, kama taarifa tu. Mwenyekiti aliuliza kama yuko mjumbe anayeiunga mkono hoja. Katibu alisubiri na kalamu yake. Mweka hazina alikuwa anahesabu chenji, hakuinua hata uso. Hoja ikaanguka, kikao kikafungwa kwa dua, nikaenda kusoma.